Kumbukumbu za Kikao cha Dharura Kuhusu Mwanafunzi Aliyegoma Kula kwa Bibi Yake

KAMATI YA KIPINDI CHA DINI YA KIISLAMU
SHULE YA SEKONDARI YA KATA, KAGONGWA

TAREHE: Jumamosi, 16 Agosti 2025
MAHALI: Stoo ya msikiti (ukumbi una harusi)
MUDA: Kiliitishwa saa nane mchana. Kilianza baada ya sala ya Alasiri, kama ilivyo desturi yetu.

WALIOHUDHURIA
1. Alhaji Idrisa Ndaki, Mwenyekiti. Mwenye mashine ya kukoboa mpunga
2. Yasini Maige, Katibu. Karani mstaafu wa reli, Isaka
3. Shehe Faraji Masanja, mjumbe, imamu msaidizi
4. Bi. Mwanahawa Shija, mjumbe; mwakilishi wa akina mama
5. Bw. Salehe Kulwa, mjumbe. Muuza simu, stendi

WAALIKWA
1. Mwl. Coletha Thobias, mwalimu wa taaluma
2. Bi. Asteria (Mama Eufrasia), mlalamikaji
3. Shadia Mussa, Kidato cha Nne, mjukuu wa Bi. Asteria

HAWAKUHUDHURIA
1. Ustadhi Habibu Jilala, mwalimu wa kipindi. Yuko Geita machimboni, simu inaita haipokelewi
2. Wajumbe wanne, bila taarifa. Katibu amechoka kuandika majina yao.

KUMB. NA. 1/8/2025: KUFUNGUA KIKAO

Mwenyekiti alifungua kikao kwa dua fupi. Aliwaomba wajumbe wasiseme sana kwa sababu msimu wa mpunga umepamba moto, foleni ya magunia mashineni kwake ni ndefu, na umeme ukikatika jioni lawama zote zitamwangukia yeye. Bi. Mwanahawa alisema naye ameacha maharage jikoni ila hakuona haja ya kuyaleta kikaoni. Mwenyekiti alisema tuendelee.

Katibu alitangaza kwamba akidi imetimia kwa kubanana: wajumbe watano kati ya tisa. Akitoka mmoja, kikao kimekufa.

KUMB. NA. 2/8/2025: YATOKANAYO NA KIKAO KILICHOPITA

Katibu alisoma kumbukumbu za kikao kilichopita. Zilithibitishwa bila mtu kuuliza kitu, jambo ambalo kwa uzoefu wa Katibu lina maana kwamba hakuna aliyesikiliza.

(a) Mwalimu wa kipindi. Kamati ilikwisha kuazimia mara tatu kwamba "mwalimu atafutwe" baada ya Ustadhi Habibu kwenda Geita kujaribu bahati kwenye duara, shimo la dhahabu. Katibu aliuliza ametafutwa na nani. Mwenyekiti alisema alidhani Shehe Faraji anatafuta. Shehe Faraji alisema alidhani Bw. Salehe anatafuta kwa kuwa ana watu wengi kwenye simu. Bw. Salehe alisema yeye alijua Ustadhi atarudi tu, wachimbaji huwa wanarudi. Bi. Mwanahawa alisema, "Haya, basi tumetafuta sana."

Shehe Faraji alikumbusha kwamba alikwisha kujitolea kufundisha mwenyewe tangu mwezi wa tatu. Mwenyekiti alimjibu kwa heshima kwamba mada yenyewe ni Uislamu katika ulimwengu wa sasa, watoto wanataka mtu wa kisasa, na Shehe ni mtu wa zamani kidogo.

(b) Somo kwa njia ya simu. Ilikumbushwa kwamba kikao kilichopita kilipitisha, kwa takbiri, kwamba wakati mwalimu akitafutwa lifunguliwe kundi la simu ambamo wanafunzi watapata mafundisho jioni wakiwa nyumbani. Bw. Salehe alikabidhiwa kazi hiyo. Bw. Salehe alitoa taarifa kwamba kundi linakwenda vizuri na kila siku anatuma kitu. Kamati ilimpongeza. Katibu anaomba pongezi hizo zisomwe pamoja na kumbukumbu namba 5.

KUMB. NA. 3/8/2025: TAARIFA YA SHULE

Mwl. Coletha alieleza kwamba kila Ijumaa kipindi cha dini kikifika, wanafunzi wa Kikristo huenda kwa katekista na mchungaji wao, na wa Kiislamu hubaki darasani na ubao mtupu. Yeye ni Mkatoliki, lakini huenda kukaa nao ili wasipige kelele. Husahihisha madaftari yake na wao hukaa. Wakati mwingine humuuliza maswali. Waliwahi kumuuliza kama mtu akikopa kwenye simu na kulipa na riba amekula haramu. Wakamuuliza kama dhahabu iliyotoka kwenye duara lililopigwa ramli na mganga inaweza kujengea msikiti. Mmoja aliuliza kama inafaa kuiuliza kompyuta fatwa.

Aliwajibu wawaulize wazee wao. Aliuliza kama wazee wamewahi kuulizwa.

Mwl. Coletha alisema kwa upole kwamba mwalimu asipopatikana, ratiba mpya itaipa Hisabati kipindi hicho. Hakuna ubaya uliokusudiwa, alisema, ila darasa haliwezi kukaa bure hadi mitihani ya taifa. Mwenyekiti alimwomba aandike kwenye ratiba kwamba kamati inashughulikia. Mwl. Coletha alijibu kwamba hakuna somo linaloitwa hivyo.

KUMB. NA. 4/8/2025: LALAMIKO LA BI. ASTERIA

Bi. Asteria aliingia, akawaamkia wajumbe, akakataa kiti, akakaa kwenye mkeka. Alisema ametoka Ushirombo akiwa mwari, ameolewa hapa, na binti yake Eufrasia aliolewa na Mussa, dereva wa malori, Mwislamu. Mussa alifariki. Eufrasia yuko Mwanza anahangaika na maisha. Shadia amelelewa na bibi tangu hajaota meno ya mbele, na amelelewa katika dini ya baba yake kwa sababu ndivyo marehemu alivyoomba.

Alisema, na Katibu anayaandika maneno yake kama yalivyotoka: "Mimi ni Mkatoliki wa jumuiya, sikosi sala. Lakini tangu mtoto huyu aingie kwangu, kitimoto, hiyo nyama ya nguruwe, hakijavuka mlango wangu. Wenzangu walinicheka, nikawaambia nina mjukuu. Kuku wangu sijawahi kumchinja mwenyewe. Nambeba kwapani mpaka kwa Shehe, anachinja, narudi naye. Hata Krismasi. Hata Shadia akiwa shuleni, kwa sababu nasema atarudi ale. Leo anaiangalia sahani yangu kama nimeiokota jalalani."

Alieleza kwamba Shadia ameacha kula nyumbani. Anakula kwa rafiki yake, asipokula huko analala na njaa. Sasa amesema hataki kuendelea kuishi katika nyumba ya kafiri. Anakwenda Geita kwa baba yake mdogo, mchimbaji anayelala kwenye maturubai kambini na wanaume wenzake. Amekwisha kufunga begi. Bi. Asteria alisema mtoto akienda kule mitihani hafanyi, na yeye hamwoni tena. "Ng'wanawane, mwanangu, atapotea," alisema. "Nimekuja kuuliza, hii ndiyo dini mnayomfundisha? Kama ndiyo, niambieni, ninyamaze. Kama siyo, nirudishieni mtoto."

Shehe Faraji alithibitisha kwamba kuku wote wa nyumba ile amechinja yeye, na mbuzi wawili. Alikuwa na uchungu dhahiri.

Mwenyekiti alisema amesikitika sana, lakini kwa maoni yake hili ni jambo la kifamilia, mambo ya jikoni. Alipendekeza kamati iandike barua ya kusikitika. Bi. Mwanahawa alisema, "Alhaji, huyu mama hakuja kutafuta barua." Mwenyekiti alimtaka aongee kupitia kiti. Bi. Mwanahawa alirudia maneno yaleyale kupitia kiti.

KUMB. NA. 5/8/2025: MAELEZO YA MWANAFUNZI

Shadia aliitwa ndani. Aliwaamkia wajumbe wote, akamwamkia bibi yake mwisho, sauti ikiwa chini. Bi. Asteria aliitikia marahaba. Ilionekana binti amekonda.

Mwenyekiti alimuuliza, kwa ukali kidogo, fundisho la kutokula kwa bibi yake amelipata kwa nani. Alijibu, "Kwenu."

Mwenyekiti alimtaka arudie. Alisema amelipata kwenye kundi la somo lililofunguliwa na kamati. Ilitumwa video ya mhubiri. Mhubiri alisema anayekula chombo kimoja na wasio Waislamu ibada yake haipokelewi, na akifa katika hali hiyo ajue anakoelekea. Alisema ameitazama mara nyingi, kwa simu ya bibi yake, usiku hadi bando likaisha. Aliogopa sana. Aliandika swali kwenye kundi: je, na bibi aliyenilea? Hakujibiwa. Alingoja. Badala ya jibu likaja tangazo la makava ya simu.

Alisema, "Tuliambiwa kundi ndilo darasa. Mwalimu akisema kitu darasani si tunakiandika? Mimi nampenda bibi. Lakini naogopa moto." Hapo alilia. Bi. Asteria alitaka kuinuka, akajizuia.

Katibu aliangalia wajumbe. Wajumbe waliangalia sakafu.

KUMB. NA. 6/8/2025: MJADALA

Bw. Salehe aliombwa aeleze. Alisema kwanza kwamba simu ina mambo mengi. Kisha alisema kundi ni la kamati nzima na si lake peke yake. Kisha Bi. Mwanahawa alimuuliza aliisikiliza video hiyo kabla ya kuituma, ndiyo au hapana.

Bw. Salehe alisema hapana. Alieleza kwamba kila asubuhi anapokea video nyingi kutoka makundi mengine, na anazisukuma kwa wanafunzi kabla hajafungua duka. Ile ilikuwa ndefu. Iliandikwa "Nasaha kwa Vijana". "Niliona ndevu, nikaona kanzu, nikajua ni mambo ya kheri," alisema. Kuhusu swali la Shadia alisema aliliona, akapanga kulijibu akipata nafasi, wateja wakaja.

Bi. Mwanahawa alisema, "Wewe! Unauza simu mchana kutwa, hujui kubonyeza ukasikiliza?" Mwenyekiti alimwomba apunguze sauti kwa kuwa upande wa pili kuna harusi. Katibu aliona ni haki kuandika kwamba hakuna mjumbe mwingine aliyewahi kufungua video hata moja, Mwenyekiti na Katibu wakiwemo. Watoto tuliwapeleka kwa mtu tusiyemjua, tusiyejua anaishi wapi, na tukapiga takbiri.

Shehe Faraji aliomba nafasi. Alieleza kwamba dini imehalalisha chakula cha waliopewa Kitabu, hili linajulikana na wanazuoni wameliandika tangu zamani; kwamba wema kwa mzazi haukatwi hata akiwa wa dini nyingine; na kwamba mama aliyembeba kuku kwapani miaka yote hiyo ili mtoto ale halali anastahili kushukuriwa na kamati hii kwa kufanya kazi ambayo kamati haikuifanya. Alimgeukia Shadia akamwambia, "Mjukuu wangu, kula. Mimi ndiye niliyechinja."

Mwenyekiti alishukuru na kusema suala limekwisha, mwanafunzi arudi nyumbani akale.

Shadia alinyoosha mkono kama yuko darasani. Aliuliza: mwezi uliopita kamati ilituma hivi, leo kamati inasema vile, mwezi ujao itasema nini? Yeye ataamini ipi? Aliuliza pia, bila utovu wa adabu, kama wajumbe wenyewe wanakula kwa jirani zao Wakristo.

Bi. Mwanahawa alisema anakula na anaosha na vyombo. Katibu alisema reli ilimlisha na watu wa kila namna. Mwenyekiti alisema hilo ni swali binafsi. Bw. Salehe alisema tangu mwaka jana hajala kwa Mkristo. Alianza kuona wasiwasi kutokana na mambo yaleyale anayosikia-sikia kwenye simu. Hakuwahi kumuuliza mtu. Aliona haya kumuuliza Shehe jambo dogo kama chakula.

"Kumbe tuko wawili," Shadia alisema.

Stoo ilikuwa na joto, na watu walikuwa wamechoka. Mwenyekiti alipendekeza suala lipelekwe ngazi ya juu lipate mwongozo. Bi. Asteria aliuliza ngazi ya juu iko wapi. Aliambiwa mjini. Alisema, "Yaya, hapana. Begi limefungwa leo."

KUMB. NA. 7/8/2025: MAAZIMIO

(a) Kundi la simu lifungwe. Bw. Salehe alilifunga palepale. Kabla ya kulifunga aliandika mbele ya wajumbe kwamba alituma bila kusikiliza, kwamba yaliyomo si mafundisho ya kamati, na kwamba anaomba radhi kwa wanafunzi na kwa bibi wa mwanafunzi mwenzao. Mwenyekiti alimshauri aondoe neno "bila kusikiliza" kwa ajili ya heshima ya kamati. Bw. Salehe aliliacha.

(b) Mwalimu wa Ijumaa. Mwl. Coletha aliuliza aandike nini kwenye ratiba, kwa kuwa anaondoka. Shadia aliuliza naye, "Ijumaa anakuja nani?" Mwishowe Shehe Faraji alisema atakwenda yeye, lakini miguu haimfikishi shuleni, na akiulizwa mambo ya kompyuta atasema hajui. Aliuliza kama watoto watamvumilia. Shadia alisema afadhali mtu anayesema hajui akiwa mbele yao. Bw. Salehe alisema atambeba Shehe kwa pikipiki kila Ijumaa na kukaa darasani naye asikilize. Mwl. Coletha aliandika jina la Shehe kwa penseli. Alisema ataandika kwa kalamu akimwona. Katibu hamlaumu.

(c) Kuhusu mwanafunzi. Bi. Mwanahawa alisema maneno yamekwisha, binti ameuliza kama tunakula, basi twende tukale. Bi. Asteria alisema kuku yupo, Shehe amemchinja asubuhi, na mchele ni wa kutoka mashineni kwa Mwenyekiti mwenyewe. Wajumbe waliulizwa nani anakwenda.

Mwenyekiti alisema angependa sana, ila umeme. Katibu anaandika bila chuki kwamba taa ya stoo ilikuwa inawaka.

KUMB. NA. 8/8/2025: KUFUNGA

Mwenyekiti alikwenda mashineni, akidi ikavunjika. Kikao hakikufungwa kwa utaratibu. Waliobaki waliswali Magharibi, wakaongozana hadi kwa Bi. Asteria, nyuma ya soko la mpunga. Katibu anajua kwamba yanayotokea baada ya akidi kuvunjika hayaandikwi. Ameandika kwa sababu ndiyo kazi pekee iliyofanyika siku hiyo.

Wageni walikaa mkekani: Shehe Faraji, Bi. Mwanahawa, Bw. Salehe na Katibu. Bi. Asteria alipakua, sinia moja. Shadia alisimama mlangoni, begi lake likiwa pembeni ya mguu. Kwa kuwa nyumba ikipata wageni mdogo ndiye huwanawisha, na amelelewa hivyo, baada ya muda alichukua birika na beseni akaanza na Shehe, halafu Bi. Mwanahawa, halafu Katibu. Alipofika kwa Bw. Salehe alisubiri. Bw. Salehe aliangalia chakula. Alikunja mikono ya kanzu polepole, akanawa, akasema bismillahi, akala tonge la kwanza kabla ya sisi sote. Jasho lilimtoka. Aliendelea kula.

Shadia alikuwa bado ameshika birika. Bi. Asteria aliinuka kwa shida, magoti yanamsumbua, akampokonya taratibu. Akainamisha birika yeye mwenyewe, bibi kumnawisha mjukuu, jambo ambalo kwetu halifanywi, akasubiri maji yakimwagika bure kwenye beseni.

Shadia alitoa mikono.

Imeandikwa na kusainiwa Kagongwa, saa mbili usiku, wote wakiwa wameshiba.

Katibu: Y. Maige (amesaini)

Mwenyekiti: I. Ndaki (amesaini Jumatatu, ameomba kumbukumbu namba 8 iondolewe, Katibu amekataa)